Baiskeli ya kukunja kwa safari ya treni: Dahon ya pauni 300 au Brompton ya mtumba?

Swali: Naishi Reading, Uingereza, na nafanya kazi Holborn katikati ya London siku nne kwa wiki. Nyumbani hadi stesheni ni kilomita 3, na kutoka stesheni ya Paddington, London, hadi ofisini ni kama kilomita 4. Nataka baiskeli ya kukunja ya kupanda nayo treni, niachane na basi la asubuhi na kubanana kwenye Tube, treni za chini ya ardhi za London. Rafiki yangu ananiuzia Dahon ya inchi 20 kwa pauni 300. Dukani wananishauri Brompton mpya. Mtandaoni naona za umeme za bei nafuu. Bajeti yangu ni pauni 900. Nina urefu wa sentimita 158, uzito wa kilo 72, na naishi ghorofa ya tatu bila lifti. Ninunue ipi?

Jibu: Dada, kwa maelezo uliyotoa, nunua Brompton ya mtumba yenye gia 3, iliyotunzwa, na ubakize kama pauni 200 za matengenezo, taa na mkoba. Dahon ya rafiki yako inaweza kuwa baiskeli nzuri kabisa, na hapa chini nitasema inamfaa nani. Kwako wewe, ngazi za ghorofa ya tatu na treni ya asubuhi vinaikataa. Ya umeme iache kwa sasa.

Tuanze na masharti ya treni, maana ndiyo yanayoamua mengine yote. Baiskeli ya kawaida haikufai kwa saa zako za kazi. Elizabeth line, njia ya reli inayopita katikati ya London na kufika hadi Reading, huzuia baiskeli isiyokunjwa siku za kazi wakati wa msongamano, yaani saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Treni za kampuni ya GWR ziendazo Paddington nazo zina vizuizi vyake kwa saa hizo. Baiskeli iliyokunjwa ni habari nyingine: inahesabiwa kuwa mzigo wa mkononi, inapanda saa yoyote, haina tiketi wala haihitaji kuwekewa nafasi. Sharti la reli za Uingereza ni kwamba iwe imekunjwa kabisa na magurudumu yake yasizidi inchi 20. Kwa hiyo Dahon na Brompton zote mbili zinaruhusiwa. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, na kupata pa kuiweka ndani ya behewa lililojaa ni jambo jingine.

Baiskeli za kukunja unazoziona mitaani zina namna mbili kuu za kujikunja. Ya kwanza ni ya kukatika katikati: fremu ina bawaba moja kubwa, unaifungua, gurudumu la mbele linakuja kulala ubavuni mwa la nyuma, na sumaku inayashikilia. Dahon nyingi na Tern nyingi ziko hivyo. Ya pili ni ya Brompton, ambayo mhandisi Andrew Ritchie alianza kuibuni mwaka 1975 katika fleti yake South Kensington. Hapo gurudumu la nyuma linaingia chini ya fremu, la mbele linazunguka kuja kando yake, na mnyororo unabaki katikati ya magurudumu mawili. Kwa nyingi za namna ya kwanza mnyororo hubaki upande wa nje, na suruali ya abiria aliyesimama karibu nawe ndiyo inayofuta grisi.

Chukua rula ulinganishe. Brompton ya kawaida ikikunjwa ina takriban sentimita 65 kwa 59 kwa 27, ambayo ni kama lita 104. Ya inchi 20 inayokatika katikati huwa karibu na 80 kwa 70 kwa 38, yaani kama lita 213, zaidi ya mara mbili. Cha kutazama zaidi ni ule upana wa sentimita 27. Kitu cha upana huo kinakaa mbele ya magoti yako ukiwa umeketi, kinasimama kati ya migongo ya viti viwili iliyopeana kisogo, na kinapita kwenye geti la tiketi kikiwa mkononi. Cha sentimita 38 chenye pedali iliyochomoza kinahitaji geti pana, kinahitaji sehemu ya mizigo iwe wazi, na ikiwa imejaa masanduku ya watu waendao uwanja wa ndege, utasimama nacho mlangoni ukikisogeza kila stesheni.

Namna Brompton inavyokunjwa ni vizuri uijue kabla hujaenda kuiona, ili muuzaji akikuonyesha ujue kama kuna kinachogoma. Simama upande wa kushoto wa baiskeli. Bana klipu iliyo nyuma ya bomba la kiti, inua kiti, na gurudumu la nyuma litabembea kuingia chini; sasa baiskeli imesimama yenyewe bila stendi. Zungusha pedali kinyumenyume mpaka krenki ya kulia, yaani mkono unaobeba pedali, ilale sambamba na mkono wa fremu ya nyuma. Hatua hii ndiyo wageni huisahau, na matokeo yake gurudumu la mbele linakuja kugonga krenki na kukwama. Legeza klempu, yaani kibanio, ya bawaba kuu, lete gurudumu la mbele nyuma mpaka ndoano yake ndogo ishike kwenye mkono wa fremu ya nyuma. Isikie ikishika: isiposhika, baiskeli itafunguka mkononi ukiwa katikati ya ngazi. Legeza klempu ya usukani, ushushe, unase kwenye klipu yake. Mwisho shusha kiti hadi chini kabisa, kisha kunja pedali ya kushoto. Kiti kikishuka ndicho kinachofunga kila kitu, na raba iliyo chini ya bomba lake inagusa sakafu na kuzuia baiskeli isiserereke treni ikifunga breki. Aliyezoea hutumia sekunde 20 hivi. Wiki ya kwanza jipe dakika nzima, na ujifunzie sebuleni, usijifunzie kwenye jukwaa la stesheni.

Sasa ngazi. Ghorofa tatu ni kama vidato 50, na utazipanda jioni ukiwa umechoka. Brompton ya chuma yenye gia 3 ina kilo 11 na nusu hadi 12, ambayo ni sawa na dumu la maji la lita 10 lililojaa na kilo moja na nusu ya sukari juu yake. Za inchi 20 za bei nafuu hufika kilo 14 au 15. Hizo kilo tatu si kubwa kwenye karatasi. Kinachochosha ni kwamba baiskeli pana huwezi kuibana karibu na mwili. Unaibeba mkono ukiwa umetanuka, pedali inakugonga paja, na kwenye kona ya ngazi inakwaruza ukuta wa jirani. Zipo Brompton nyepesi zaidi: P Line yenye sehemu za titani ina kama kilo 10, na T Line ya titani ni kama kilo 7 na nusu, lakini bei yake ni ya pikipiki. Kwa pauni 900 sahau T Line.

Watu huuliza sana kuhusu mwendo, wakidhani gurudumu dogo ni la kuchelewesha. Kwa kilomita 4 za Paddington hadi Holborn, zenye taa nyingi za barabarani, ukienda kilomita 15 kwa saa ni dakika 16. Gurudumu la inchi 20 litakuokolea dakika moja, pengine mbili, na utazipoteza zote ukitafuta pa kuiweka. Tofauti ya kweli iko kwenye mashimo. Gurudumu dogo linazama pale ambapo kubwa lingepita juu, na usukani wake ni mwepesi, unajibu haraka. Kwa hiyo angalia mbele zaidi kuliko ulivyozoea, vuka nyufa na vifuniko vya mitaro kwa pembe ya mraba, na unapotoa mkono kuonyesha unakogeukia, toa kwa muda mfupi kisha urudishe.

Nani basi anunue ile Dahon? Mtu anayeendesha kilomita 8 au zaidi kila upande, anayesafiri nje ya saa za msongamano, anayeishi chini, au mwenye barabara mbovu. Pia mtu anayepanga kuja kuipeleka nyumbani Afrika Mashariki. Tairi la inchi 20 lenye namba 406 ndilo la BMX na la baiskeli nyingi za watoto, kwa hiyo kulipata Mombasa au Dar es Salaam si kazi. La Brompton lina namba 349, na hilo utaliagiza. Hapa pana mtego unaowaumiza wengi: inchi 16 ziko mbili tofauti, 349 na 305, na moja haiingii kwenye rimu ya nyingine. Hata inchi 20 ziko mbili, 406 na 451. Usinunue tairi kwa inchi. Soma ile namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwake, mfano 35-349.

Ya umeme nimesema uiache, na sababu ya kwanza ni kilo. Brompton ya umeme ina kama kilo 17 ikiwa na betri, na hata ukitoa betri ya karibu kilo 3 ukaitia begani, bado una mizigo miwili kwenye vidato 50. Sababu ya pili ni moto. Mwezi Februari 2025 baiskeli ya umeme iliwaka kwenye jukwaa la stesheni ya Rayners Lane, London, na kuanzia tarehe 31 Machi 2025 mamlaka ya usafiri ya London ilipiga marufuku baiskeli za umeme zisizokunjwa kwenye treni zake nyingi, Elizabeth line ikiwemo. Zinazokunjwa zimebaki kuruhusiwa zikiwa zimekunjwa. Lakini hizo za bei nafuu unazoziona mtandaoni, zenye betri isiyo na jina, au kifurushi cha mota cha kujifungia mwenyewe, sikushauri kuzilaza ndani ya fleti ya ghorofa ya tatu yenye ngazi moja ya kutokea. Tena kisheria Uingereza mota isizidi wati 250 na isisukume zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Nyingi za mtandaoni zinavuka, na ikivuka inahesabiwa kuwa kama pikipiki, inayohitaji usajili na bima.

Kununua ya mtumba bila kuuziwa mzigo wa gharama

Matangazo ya Brompton za zamani yana lugha yake ya herufi na namba, kwa mfano M3L. Herufi ya kwanza ni umbo la usukani: S ni wa chini ulionyooka, M ni wa kati, H ni wa juu. Namba ni idadi ya gia. Herufi ya mwisho: L ina madigadi, R ina madigadi na keria ya nyuma, E haina chochote. Alama ya X mwishoni ina maana baadhi ya sehemu ni za titani. Wewe tafuta M3L. Kwa sentimita 158, bomba la kiti la kawaida linakutosha, na usukani wa M utakukalisha wima kiasi. Keria ya nyuma haikusaidii sana, inaongeza uzito, na mkoba wako utakaa mbele. Uzito wako na mkoba wa kilo 6 ni kilo 78, mbali na kikomo cha kilo 110 walichoweka watengenezaji.

Kabla hujatoa hata pauni moja, omba namba ya fremu na uiingize kwenye tovuti ya BikeRegister, ambako unaangalia bure kama baiskeli imeripotiwa kuibwa. Muuzaji anayekataa kutoa namba hiyo, muage. Brompton huibwa sana kwa sababu inauzika haraka.

Bei ya mtumba huanza kama pauni 500 na kupanda kulingana na umri na hali. Tofauti ya pauni 150 kati ya mbili zinazofanana inaweza kumezwa na ukarabati mmoja, kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu, mchana, na muuzaji akiwa ameikunjua.

Anza na rimu. Breki za Brompton nyingi zinabana rimu, na kila unapofunga breki kwenye mvua, mchanga unaila. Weka ukingo wa rula juu ya ubavu wa rimu. Ukiona mwanga katikati, ubavu umebonyea na rimu inakaribia kupasuka. Gurudumu la nyuma lenye habu ya gia, yaani kitovu chenye gia ndani yake, ni mojawapo ya vipuri vya bei ya juu, hivyo likiwa limeliwa, punguziwa bei au ondoka.

Kisha bawaba. Shika breki ya mbele, weka kidole kimoja kwenye maungio ya bawaba kuu, na usukume baiskeli mbele na nyuma. Kidole kisisikie mchezo wowote. Fanya vivyo hivyo kwenye bawaba ya usukani. Tazama vibao vya klempu: ikiwa kwa kukaza vinafika mpaka kugusa bomba, vimeliwa na vinahitaji kubadilishwa, jambo ambalo si ghali. Tafuta mstari mwembamba kwenye rangi kuzunguka bawaba. Mkwaruzo una pande mbili zilizochubuka. Ufa ni mstari mkali kama unywele, mara nyingi wenye kutu kidogo. Ufa maana yake baiskeli haifai kwa bei yoyote. Hii ni muhimu zaidi kwa fremu za aluminiamu, kwa sababu aluminiamu ikichoka hukatika bila kupinda kwanza.

Mkunjo wa nyuma ndio wenye gharama iliyofichika. Simama nyuma ya baiskeli, shika kiti kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine, ulisukume kushoto na kulia. Likichezacheza kama jino bovu, na si gurudumu lenyewe kwenye ekseli, basi bushi, yaani vijipete vya ndani ya bawaba ya nyuma, zimekwisha. Bushi mpya hazigongwi kwa nyundo tu ukamaliza; zikishaingia lazima zichongwe kwa kipimo kamili ndipo pini ipite. Kazi hiyo inafanywa na mafundi wachache wenye kifaa chake, na wanatoza ipasavyo.

Kaa juu ya baiskeli na uendeshe dakika tano. Kiti kikishuka kidogokidogo chini yako, usikimbie kwanza: mara nyingi ni mafuta tu kwenye bomba. Futa bomba na shimo lake kwa kitambaa chenye spiriti. Kikiendelea kushuka baada ya kukauka, kibomba cha plastiki kilicho ndani ya fremu kimeliwa, nacho pia kinahitaji kuchongwa kikibadilishwa. Usipake grisi bomba hilo, wala usimruhusu fundi wa mtaani alipake kwa nia njema.

Kwa mnyororo, pima pingili 24 kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 305. Ukikuta 308, mnyororo umetanuka na huenda umeshakula meno ya nyuma, kwa hiyo badilisha vyote pamoja. Ukiweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika, utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu.

Jambo moja lisikutishe: Brompton za zamani sana hazina ile klipu ya nyuma ya kushikilia gurudumu. Ukiiinua kwa kiti, gurudumu la nyuma linajikunja. Ndivyo zilivyoundwa, na ukiketi uzito wako ndio unaolishikilia. Ila ukizoea kuiinua kwenye ukingo wa barabara itakukera, na klipu inaweza kuongezwa.

Hesabu, na njia ya kupitia mwajiri

Tuseme umepata M3L nzuri kwa pauni 650. Matairi mawili mapya na raba za breki, mnyororo, waya na ujira wa fundi vinaweza kumaliza pauni 150 kama vyote vinahitajika. Zinazobaki ni za taa na mkoba. Taa usizipunguzie: Desemba jua la London linazama kabla ya saa 10 jioni, na sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma pamoja na viakisi.

Uliza pia ofisi ya rasilimali watu kama mwajiri wako yumo kwenye mpango wa Cycle to Work. Baiskeli inalipwa kwa makato ya mshahara kabla ya kodi na michango ya bima ya taifa, kwa hiyo mlipa kodi wa asilimia 20 huokoa kama asilimia 28, na wa asilimia 40 huokoa kama 42, ukiondoa ada ndogo ya mwisho ya kumilikishwa. Kuna masharti mawili ya kuangalia. Makato yasikushushe chini ya kima cha chini cha mshahara, na mpango huu hauhusu kununua kwa mtu binafsi. Ukiwa na nafasi hiyo, Brompton mpya ya pauni 1,200 inakugharimu kama pauni 865 kabla ya ada, nayo inaingia ndani ya bajeti yako ikiwa na dhamana. Hapo ushauri wangu wa mtumba nauondoa: chukua mpya.

Dahon ikibaki kuwa ndiyo pekee unayoimudu, ikague kwa njia ileile, na uongeze mambo mawili. Kishikio cha bawaba kianze kukaza kikiwa nusu ya njia. Kikifunga kilegevu kama mlango wa kabati, kirekebishwe kwa nati yake ndogo kabla hujaipanda. Na tazama kibadilisha gia cha nyuma, kinachoning'inia chini karibu na lami: hicho ndicho hupindwa na masanduku ya watu ndani ya behewa, kisha mnyororo unaingia kwenye spoki.

Gia, upepo na pancha

Gia 3 zilizo ndani ya habu zinakutosha kwa njia zako. Faida yake kubwa ni kwamba unabadilisha ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu. Acha kukanyaga, badili, kanyaga. Kasoro yake moja ni ya hatari, na inazuilika. Waya ukilegea, kati ya gia moja na nyingine kunatokea nafasi tupu, na ukikanyaga kwa nguvu pedali inadondoka bila kushika kitu. Mtu huangukia bomba la fremu au anayumba mbele ya basi. Kurekebisha ni dakika mbili: weka gia ya 2, chungulia kwenye tundu la nati upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, na uzungushe kirekebishi cha waya mpaka mwisho wa kipini cha ndani ulingane na mwisho wa ekseli, usichomoze zaidi ya milimita 1. Kagua hivyo kila mara gurudumu la nyuma likitolewa.

Upepo uangalie kila wiki bila kukosa. Tairi dogo lina hewa kidogo, kwa hiyo upungufu mdogo unalishusha sana, na tairi laini ndilo linalopata pancha na kufanya baiskeli iwe nzito kama unavuta gunia. Kwa kilo zako, tia psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu) 90 hadi 100 nyuma na kama 80 mbele, mradi usivuke kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pampu ya mkononi inayokuja kwenye fremu ni ya dharura tu. Nunua ya kusimama yenye saa ya kipimo uiweke nyumbani.

Pancha ya mbele ni kazi ya kawaida. Ya nyuma inahitaji spana namba 15 na utulivu: unafungua waya wa gia, kikaza mnyororo, kisha nati. Asubuhi ya kazi usihangaike nayo. Huu ndio uzuri wa baiskeli hii: ikunje, panda basi nayo, uizibe pancha jioni. Ndiyo maana pia mimi hushauri tairi lenye kinga nene, kama Schwalbe Marathon, hata kama lina gramu za ziada.

Utaendesha kilomita 56 kwa wiki, karibu 2,500 kwa mwaka. Mnyororo ufute kila wiki mbili na kuutia mafuta kidogo, na mara nyingi zaidi majira ya baridi, chumvi inapomwagwa barabarani. Baada ya kilomita 8,000 hivi, yaani baada ya miaka mitatu na kidogo, badilisha usukani wa aluminiamu hata kama unaonekana mzima.

Ukifika stesheni, kunja ukiwa pembeni mwa jukwaa kabla treni haijaingia. Usikunjie mlangoni. Mkoba wa Brompton unashikwa na kibao kilichofungwa kwenye fremu yenyewe, si kwenye usukani, kwa hiyo haukuyumbishi barabarani, na unachomoka kwa kitufe: mkoba mkono mmoja, baiskeli mwingine. Ndani ya treni za GWR tafuta sehemu ya mizigo mwisho wa behewa au nafasi kati ya migongo ya viti. Kwenye Elizabeth line isimamishe kando ya mlango usiofunguka upande wa jukwaa lijalo, na uishikilie kwa goti. Usiiweke juu ya rafu ya vichwani. Ofisini ingia nayo hadi chini ya meza. Usiifunge nje hata kwa kufuli nzuri, kwa sababu mwizi anaweza kuondoka na kiti na usukani akakuachia fremu. Kama walinzi wa jengo wanalalamika, kifuniko chepesi cha kitambaa humaliza mjadala.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, kodi moja. Brompton yenyewe ina huduma ya kukodisha kutoka kwenye makabati yaliyopo kwenye stesheni na vituo mbalimbali vya Uingereza. Unajisajili, unapewa namba ya kufungua, unaichukua kwa siku. Chukua siku ya kazi ya kweli, ikiwezekana siku ya mvua. Panda nayo treni yako ya kila siku, iendeshe hadi Holborn, irudishe nyumbani jioni na uipandishe vidato vyako 50 mara mbili mfululizo. Mara ya pili mkono ukikataa, weka nguvu zako kwenye kutafuta P Line ya mtumba, hata ikibidi kusubiri miezi kadhaa ya kuweka akiba.